Jina Kamili

Kichupa kinakaa kwenye ufunguo wa pikipiki,
kidogo kuliko kidole gumba cha mtoto.
Mafuta ya zeituni, duka la dawa la Masasi,
yakawekwa wakfu juu ya meza tuliyokwisha kulia ugali.
Mwezi mzima kimening'inia kiunoni
nikipuliza salfa kwenye mikorosho,
na sasa kinanuka kama mimi: kiberiti.

Newala, Juni. Ukungu umepanda kutoka Ruvuma
ukaingia chumba cha uani bila hodi.
Ndanda wamemrudisha mama na pakiti tatu za vidonge
na neno la upole: mpumzisheni.
Miguu imevimba, inang'aa kama maboga yaliyooshwa.
Dada zangu wameshamsomea Yasini mara mbili.
Hakuna aliyeniuliza mimi na kanisa langu la juzi,
la viti vya plastiki, lisilo kengele wala mnara.

Aliuliza yeye.
"Nyie watu wa siku za mwisho,
nasikia mna mafuta."

Ndugu Mchopa akaja na koti la mvua,
tai akaifungia mlangoni, kwa kioo cha simu.
Akaeleza: mmoja anapaka tone utosini,
wa pili anatia muhuri, anabariki kadiri atakavyopewa maneno.
"Sasa, mama, jina lako kamili?"

Somoe Bakari Nandonde, dada akasoma kwenye kadi.
Mama akacheka, kicheko kikaishia kikohozi.
"Hilo la karani.
Bakari alikuwa mjomba, ndiye aliyekuwa karibu siku ya kuandikisha.
Jina ninalo. Nilipewa ndani, unyagoni,
na wanaume hawalisikii."

Mchopa akanitazama. Kijitabu chetu hakina ukurasa huo.

"Mungu analijua, halina shida.
Mchopa atoke.
Wewe ulishapita mlango wa siri kuliko huu.
Inama."

Akalitia sikioni. Silabi tatu tu,
na pumzi ya tangawizi.

Mchopa akasimama barazani na ukungu wake.
Nikafungua kichupa peke yangu, mikono inatetemeka,
nikaachanisha mvi nitafute utosi,
na hapo nikaona: duara lisilo nywele,
laini, kubwa kama kiganja,
pale ngata ilipokaa miaka arobaini
akipanda genge na maji kutoka bondeni,
alfajiri, mtoto mgongoni, mtoto huyo mimi.
Tone likatua palepale. Halikuwa na pa kujificha.

Nikaita jina.
Nikasema, kwa mamlaka ya Ukuhani wa Melkizedeki,
na neno nilikuwa nalo, nimelinoa njia nzima ya vumbi:
utapona.
Halikuja.
Nililisukuma. Halikuja.
Nje jogoo wa jirani, saa isiyo yake.
Dada mkubwa akakohoa kunikumbusha kwamba watu wapo.

Kisha nikasikia sauti yangu ikisema
maji yote uliyobeba yameshuka miguuni,
hakuna tena anayesubiri ndoo,
mama, tua.
Nikasema amina kabla sijajua kama nimemaliza.

"Mikono yako mizito," akasema.
Akaomba uji. Akanywa nusu, akalala ubavu
wa upande aliokuwa ameukataa tangu Jumapili.

"Umemwombea apone?" dada akaniuliza jikoni.
Nikachochea moto uliokuwa unawaka vizuri.

Siku kumi na saba.
Kaburini maalimu alimwita Somoe
na mimi nilisimama nyuma ya wajomba,
midomo inacheza bila sauti.

Mikorosho imetoa maua. Salfa imeisha ghalani,
ila kwenye kichupa harufu haitoki.
Dada mkubwa amenijia mara mbili:
anataka jina lirudi kwa wanawake, ni lao.
Ni kweli. Nitampa.
Bado sijaweza kulitamka bila kuinama.